Mama Midoli na Zimamoto wa Mikono ya Kushoto

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Midoli, alizaliwa tarehe 4 Juni 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, lakini macho yake yalikuwa makali. Watoto pacha wa mwalimu mkuu aliweza kuwatofautisha hata kwa kuwaona mgongo tu.

Mwaka 1969 aliajiriwa kwenye duka la vitu vya watoto, baadaye akafungua kibanda chake cha midoli ya zamani. Wateja walishangaa askari wa plastiki aliyechakaa kuwa na thamani kubwa kuliko mwenzake anayeng'aa. Aliwaelewesha kwa upole kwamba midoli ilitengenezwa kwa maelfu, lakini watoto waliitafuna, wakaipoteza, wakaifukia uani, hivyo iliyobaki ni michache. Yenye boksi lake ndiyo adimu zaidi. Na rangi ya kiwandani, hata ikibanduka, haiguswi.

Mchora mabango mmoja hakuyajua hayo. Alipokuja kumposa alimletea mdoli wa farasi wa zamani aliyempaka rangi upya, anameremeta. Mama alimtazama farasi, akamtazama kijana.

"Kaka, huyu umemuua," alisema, "ila umemzika vizuri."

Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1974, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Alichokipenda kuliko vyote kibandani kilikuwa askari wa zimamoto aliyetoka kiwandani kwa makosa, mikono yote miwili ya kushoto, ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki, lisilowahi kufunguliwa. Makosa kama hayo ni nadra kuvuka mlango wa kiwanda, ndiyo maana wakusanyaji walimbembeleza miaka nenda rudi. Hakuuza. Alitaka mjukuu wake aje amrithi akiwa vilevile, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kulipumulia lile boksi.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akawa mtu wa kitandani. Mchana mmoja, mkwewe, mke wa mwanawe, akiwa jikoni anapoza uji, mjukuu wa miaka minne alipanda kiti, akalichana boksi. Mkwe aliingia na bakuli, akaona, akaliweka chini. Akaanza kuomba radhi huku machozi yakimlengalenga. Mama alinyoosha mkono apewe zimamoto. Akamgeuza, akamnusa, akamsukuma bega.

"Mwanangu, njoo uone," alimwambia mkwe. "Kumbe mikono inazunguka. Nimekaa naye miaka yote hii nisijue."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mumewe alikuja mbio akidhani hali imebadilika, akakuta bibi na mjukuu wanazima moto kwenye mto wa kulalia.

Mkusanyaji wa mwisho alipofika na kuliona boksi limechanika, alishika kichwa. Mama alimwambia apite siku nyingine, zimamoto yuko kazini.

Alifariki usingizini, nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 9 Machi 2024. Ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja na mjukuu mmoja, mwenye zimamoto ambaye bega moja limeshalegea kwa kucheza.

Lala salama, Mama yetu.