Mzee Pitia Jubek, Khawaja wa Zinki ya Mawe

Marehemu Mzee Pitia Jubek Wani alizaliwa Rejaf, karibu na Juba, tarehe 9 Mei 1957. Hati pekee ya kuzaliwa kwake ni mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo, kwa mwandiko wa padre aliyekuwa na haraka. Mstari huo uliwatosha maaskari wa mipakani, ukawatosha walioandikisha wakimbizi, na tunaamini umemtosha Mungu. Kuna watu haukuwatosha. Watatajwa hapa mbele, na familia inaomba radhi mapema kwa kuwataja kando ya kaburi.

Wasifu huu umeandikwa na bintiye wa kwanza, Lilly, na unasomwa na kitindamimba, Isaiah, kwa kuwa Lilly hajiamini kusoma bila kukatika. Una tarehe nyingi kuliko ilivyo kawaida. Ipo sababu.

Mwaka 1965 familia ilikimbia vita ikakaa Moyo, nchini Uganda. Huko Pitia alisoma hadi darasa la saba, akamaliza Novemba 1972, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake kisichojali ngeli. Watoto wake walipotoka shule walijaribu kukinyoosha. "Wewe umenielewa?" alikuwa akiwauliza. "Basi iko sawa." Mwezi uleule aliomaliza shule, kwenye harusi ya mwalimu wake, alipewa sigara. Aliivuta yote ili asiaibike mbele ya wakubwa, akaenda kutapika nyuma ya jiko, na hakugusa nyingine maisha yake yote. Mwikumbuke sigara hiyo, maana tutairudia.

Alirudi Juba mwaka 1973. Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa na kampuni ya kigeni iliyokuwa ikiezeka ofisi za serikali, shule na nyumba za watumishi, akaifanyia kazi hadi tarehe 31 Oktoba 1986 ilipofungasha na kuondoka. Kazi yake ilikuwa kupima, kukata kwa msumeno wa mkono na kutoboa mashiti ya kuezekea. Hayakuwa mabati. Yalikuwa mazito, ya kijivu, yakianguka yanapasuka, na ndani yake, pamoja na simenti, mlikuwa na nyuzi za asbesto. Mafundi hawakuambiwa neno hilo hata siku moja. Hapa Juba chochote kinachoezeka nyumba na si nyasi huitwa zinki, basi wao wenyewe wakayaita zinki ta hajer, yaani zinki ya mawe.

Hawakupewa hata kitambaa cha kufunga puani. Msimamizi wao alikuwa akikaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, katika joto la Juba. Mzee Pitia alisimulia hilo miaka mingi kama kichekesho, kwamba mzungu yule alikuwa anajichemsha mwenyewe. Baadaye alielewa kwamba mtu yule alijua anachokikimbia, na akaacha kusimulia.

Jioni walishuka kutoka juu ya paa wakiwa weupe kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu, na wauzaji wa sokoni wakawapokea kwa kelele: "Makhawaja hao wanakuja," yaani wazungu. Wenzake walioga, jina likatoka na maji. Pitia jina lilimganda. Aliitwa Khawaja sokoni, Khawaja kanisani, na wako wajukuu waliofika shule bila kujua kwamba babu ana jina lingine.

Mmoja wa waliocheka alikuwa Santina, muuza karanga. Alimuuliza kama khawaja anakula karanga. Khawaja alizila kila jioni kwa miezi minne kabla ya kupata ujasiri wa kusema kilichomleta. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu: Lilly, Jubek na Isaiah. Kwa karibu miaka mitano Mama Santina alimfulia ovaroli zake, na kila mara alizikung'uta kwanza ukutani, kwa sababu zikiingia majini na vumbi lile, maji yalikuwa mazito kama uji.

Vita viliwarudisha Uganda mwaka 1988, safari hii Adjumani. Walirudi nyumbani mwaka 2007, naye akafungua karakana mtaa wa Hai Mauna, hapa Juba. Alitengeneza majiko ya mkaa tunayoyaita kanuni, ndoo na mabirika ya kumwagilia bustani, yote kwa bati la kweli, chini ya kibao alichokiandika kwa mkono wake: FUNDI ZINKI. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa aliyependwa kwa sababu mahubiri yake hayakuzidi dakika tano.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Kufikia mwaka 2022 hakuweza kutoka karakana kwenda kanisani bila kukaa mara tatu njiani. Daktari Jepchirchir, Mkenya anayefanya kazi hapa mjini, alimpiga picha ya kifua, akaitazama, akamuuliza swali moja tu: "Mzee, ulikuwa unaezeka nyumba zamani?" Mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa makovu. Alisema ugonjwa hauna dawa ya kuuondoa, ila upo Mfuko wa fidia huko Ulaya, ambao warithi wa kampuni ile waliamriwa na mahakama ya kwao kuuanzisha kwa ajili ya walioumizwa na vumbi lake.

Mzee Pitia hakuwa mtu wa kudai. Alitaka jambo moja, na alilisema mbele ya daktari na mbele ya mkewe: "Mimi nataka wao waandike kwamba ni vumbi yao. Kalas, basi. Waandike tu."

Mfuko huo una vigezo. Ni lazima uwe umefanya kazi kwenye vumbi miaka isiyopungua mitano, na uthibitishe. Ni lazima iwe imepita miaka kumi tangu vumbi la kwanza hadi ugonjwa uonekane; Mzee Pitia alikuwa na arobaini na saba, na hapo tu ndipo hawakupata la kusema. Picha ya kifua ni lazima isomwe na mmoja wa madaktari watatu waliowachagua wao, na wote watatu wako kwao. "Hii picha naisoma vizuri sana," Daktari Jepchirchir aliwaambia. "Shida ni kwamba hawataki mimi ndio niisome." Halafu ni lazima mgonjwa apulize mashine ya kupima pumzi mara tatu, na apulize sawasawa, kwa sababu asiye na pumzi ya kupuliza sawasawa huhesabiwa kwamba hakupuliza. Watu wazima waliosoma walikaa mezani, wakanywa chai, wakalipitisha hilo, na hakuna aliyeona aibu.

Fomu iliuliza pia: Je, mdai amewahi kuvuta sigara? Ndiyo au hapana. Lilly alitaka kuandika hapana. Baba yake akamzuia mkono. "Nilivuta moja," alisema. "Moja ni moja. Andika ndiyo." Kwa sigara hiyo ya mwaka 1972 Mfuko uliomba maelezo ya kurasa mbili, na kwa miezi mitatu uliitafakari kwa makini ambayo haukuwahi kuyapa mashiti yake wenyewe.

Sasa kosa la Lilly, na yeye mwenyewe ameagiza lisomwe. Lilly ni karani wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Juba. Kila siku anaandika orodha ya shehena, na katika orodha hiyo aina ya mzigo huandikwa kwa neno moja: nyanya, dawa, matairi. Mwenye mzigo akijieleza sana, karani huchukua neno la kwanza. Tarehe 17 Januari 2023, akijaza fomu ya Mfuko, alifika penye swali la kifaa ambacho mdai alikuwa akikikata. Baba yake akasema, "Zinki ta hajer." Lilly akaandika: zinki.

Jibu lilikuja tarehe 8 Juni 2023. Lilisema kwamba Mfuko unasikitika, kwamba zinki haimo katika orodha ya vifaa vinavyotambuliwa, na kwamba picha ya kibao cha karakana iliyoambatishwa inathibitisha kuwa mdai ni fundi wa zinki. Katika kurasa sitini na moja za dai hilo mlikuwa na jina la kampuni, miaka, majengo, na barua ya daktari iliyotaja asbesto mara tisa. Walisoma neno moja. Mtu hapati uvivu wa namna hiyo kwa kuzaliwa nao, lazima aajiriwe kwa ajili yake.

Lilly alikwenda karakana akamkabidhi baba yake barua. Mzee Pitia aliisoma, akacheka mpaka akakohoa, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Wewe uliandika nusu," alimwambia. "Hata mimi sasa napumua nusu. Malesh, si kitu, binti. Tuandike ingine." Lilly hajajisamehe kwa neno hilo moja, na yeyote atakayemwambia leo kwamba ni kosa dogo, afadhali amletee tu maji ya kunywa.

Rufaa ilitaka shahidi aliyefanya kazi na mdai mahali pamoja. Kati ya mafundi kumi na wanne wa kikosi kile, mbali naye alikuwa amebaki mmoja, Mzee Duop, anayekaa Sherikat. Alikuja mwenyewe kwa wakili, Septemba 2023, akipumzika kila ngazi, akaapa: "Mimi iko na Khawaja juu ya paa miaka nane. Tulikata ile zinki ta hajer mpaka huoni mtu wa pembeni. Ukitaka kumwita, unapiga paa na nyundo." Ushahidi ulitafsiriwa, safari hii maneno yote, ukatumwa.

Bwana Ryan, afisa wa wakala wa Mfuko huko Nairobi, alipiga simu baada ya wiki sita. Ni kijana mwenye adabu, na adabu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. "Madam Lilly, affidaviti iko sawa kabisa," alisema. "Ila huyu shahidi naona anakohoa pia, na amechukua fomu. Shahidi hafai kuwa na dai lake."

"Kwa hiyo mnataka mtu aliyekuwa juu ya paa hilo miaka hiyo yote na hakuvuta pumzi," Lilly alimwambia.

"Ndivyo vigezo vinavyosema, madam. Mtafute mwingine aliyeona, ambaye hadai kitu."

Walitafuta mwaka mzima na zaidi, wakiwatafuta mafundi, na mafundi walikuwa makaburini.

Mwezi Januari mwaka huu Mzee Pitia alianza kulala akiwa amekaa. Hakulalamika. Alimwomba Jubek amalizie majiko mawili ya wateja, na akamwambia Mama Santina asiuze karakana. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 21 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mgongo.

Saa tisa alasiri siku hiyohiyo iliingia barua pepe ya Mfuko. Inasema rufaa inaweza kuendelea iwapo mdai atafika Nairobi yeye mwenyewe tarehe 10 Machi, akiwa na kitambulisho cha serikali, kwa kuwa mstari wa ubatizo hautoshi, ili apulize mashine. Asipofika, dai litafungwa kwa kukosa ushirikiano.

Hatafika. Lilly ameshaandaa jibu, nalo ni wasifu huu, uliochapishwa katika kijitabu mlichokishika. Tarehe zimo, mahali pamo, na kifaa kimeandikwa kwa ukamilifu: zinki ta hajer, mashiti ya asbesto. Wakati akiuandika, juzi, ndipo Mama Santina alipomuuliza kwa nini wanatafuta mafundi tu. "Jina alipewa na sisi wa sokoni," alisema. "Tulimwona."

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja kabla hamjatupa udongo. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu umeachwa wazi, na kikijaa kitatumwa kwa Mfuko. Yeyote aliyewahi kumwita Khawaja kwa sababu alimwona akishuka mweupe kwa vumbi lile, aandike jina lake hapo, na mwaka, na alikuwa amesimama wapi. Ninyi mliuza karanga, chai na samaki chini ya paa lile. Hamdai kitu. Ninyi ndio mashahidi walioagizwa, na mlikuwa mkimcheka bila kujua mnashuhudia nini. Kalamu anazo Jubek. Mama Santina ameshaandika la kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Mama Santina, ambaye alizikung'uta ovaroli zake na sasa anakohoa, na ambaye Mfuko hauna fomu yake, watoto watatu, Lilly, Jubek na Isaiah, wajukuu saba, rafiki yake Mzee Duop, aliyeketi hapo mbele kwa sababu hawezi kusimama, na jiko moja la kanuni lisilomaliziwa.

Mzee Pitia Jubek Wani, Khawaja wetu, apumue kwa amani.