Fundi Aliyelala Kwenye Ghala la Maembe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, Nthenya Ndambuki wa Muthetheni, aliyefariki Jumapili iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Katika miaka saba ya mwisho alihangaika na kitu kimoja tu: blanketi la kulalia mlimani. Kitu kimoja, miaka saba. Majirani walimcheka. Nakiri, nami nilicheka.

Mambo yalianza na mdogo wake, Nzioka. Nzioka alioa Chogoria, akawa mpagazi wa Mlima Kenya. Alimwomba dada yake blanketi la kupanda nalo. Nthenya akapasua godoro bora la nyumbani, godoro la pamba, akaishonea pamba hiyo ndani ya kitambaa. Muthetheni hakuna kitu chenye joto kuliko pamba. Lakini huku kwetu mvua tunaiombea, hatujifunzi kujikinga nayo. Siku ya pili mlimani, ikanyesha. Pamba ikanywa maji, ikawa nzito kama gunia la mchanga, na kufikia alfajiri maji yale yalikuwa barafu. Nzioka alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Hakumtukana dada yake. Aliacha tu kumpigia simu. Mwaka, miwili, minne.

Binti wa marehemu, Mutanu, aliniambia hivi: "Mwaitu, mama yetu, hakulia mbele yetu. Alisema, 'Mutanu, mimi sijui baridi. Nimeshonea mtu kitu sijui.' Kesho yake akaenda Matuu kutafuta baridi."

Baridi aliipata kwenye ghala la kuhifadhia maembe, lenye mitambo ya kupoza. Festus, aliyeshika funguo za ghala hilo, anakumbuka. "Huyo mama alikuja na mkeka na ndoo ya maji. Akalowesha blanketi yake, akalala katikati ya makreti saa sita mchana. Nikamwambia, mama, ukifa hapa nitaandika nini? Akasema, 'Andika pamba haifai.'"

Alienda kila Jumanne. Pamba akaachana nayo. Akafumua majaketi ya mitumba, yale mazito, akatoa nyuzi laini za ndani zisizonywa maji. Upande wa chini wa blanketi akauondoa kabisa, kwa sababu aligundua kwamba unachokilalia hubanwa na hakikupi joto. Kazi hiyo ni ya sponji ya kutandika chini. Miguuni akashona mfuko wenye kamba, wa kufunga na kufungua. Na kwa kuwa mlimani jua la mchana huchoma na alfajiri hugandisha, akatengeneza matabaka mawili yaliyoshikana kwa vifungo, mtu aweze kutoa moja.

Akamtumia Nzioka. Blanketi likarudi. La pili nalo likarudi. Basi, akiwa na miaka hamsini na tisa, mwanamke ambaye hakuwahi kupanda hata vilima vya Iveti alienda Chogoria akasimama mlangoni kwa mdogo wake: "Nipeleke huko juu. Nitalilalia mimi mwenyewe."

Nzioka alimpeleka, bila maneno mengi. Hema likavuja. Anasimulia mwenyewe: "Asubuhi nilienda na chai nikiogopa. Blanketi iko na barafu juu. Nikaita, dada! Akatoa kichwa, jasho kwa uso. Akaniambia, 'Nzioka, hii kitu ina joto sana, itabidi nipunguze.' Nikacheka, halafu nikalia. Nikamwambia, usipunguze kitu. Hiyo ni yangu."

Leo wapagazi ishirini na sita wanalala ndani ya kazi ya Nthenya. Ishirini na sita, na hakuna aliyerudi na mguu mbovu.

Nilimuuliza Nzioka kama dada yake aliwahi kumwomba msamaha. Akajibu: "Hapana. Na mimi sikuwahi kumwambia nimemsamehe. Lakini huko juu, ukilala, umeweka maisha yako kwa fundi. Mimi nimelala miaka tatu."

Mazishi ni Ijumaa, nyumbani Muthetheni. Mutanu, Nzioka na jamaa wote, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Yuko mtu uliyemwumiza kwa kazi ya mikono yako. Pole huenda ulishampa. Je, ile kazi umeirudia?