Mzee Wakhungu Aliyetoka kwa Kompyuta

Kijiwe chetu kiko Bungoma, mbele ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale boda za baiskeli hujipanga. Mama Edinah huuza kahawa, Jaji, karani wa korti aliyestaafu, huuza maneno, na Spana, fundi kutoka Kitale, huyanunua yote. Mimi huja kusikiliza, ingawa nikichokozwa nami hubweka. Mwaka wa 2006 msichana Nasike alikuwa akiwachapia watu wasifu wa marehemu pale saiba asubuhi, mchana akisomea programu za kompyuta. Siku hiyo alitoka mbio na karatasi mkononi, furaha imemjaa.

— Wazee, nisikizeni! Saa nane naipeleka kwa mwalimu Kiptanui. Amesema kompyuta iandike kitu, na angalau mtu mmoja aamini ni cha kweli. La sivyo narudia muhula wote!

— Imeandika nini? Spana akauliza.

— Wasifu wa marehemu. Nimeilisha arobaini. Inaangalia tu, baada ya "alizaliwa" huwa kunafuata neno gani? Kama kuna maneno kumi, inaokota moja kwa bahati. Halafu linalofuata hilo, halafu lingine.

— Ati haifikirii?

— Hata kidogo.

— Kama Jaji, nikasema.

Nasike akasoma: "Mzee Wakhungu alizaliwa Naitiri, akabarikiwa na watoto saba na kanisa la mabati. Aliugua kwa muda mfupi, akafariki, akaajiriwa kama karani wa reli. Alikuwa mnyenyekevu mpaka mji wa Suam."

Tulicheka mpaka baiskeli ikaanguka.

— Akafariki, akaajiriwa? Bana! Mama Edinah akapiga makofi.

Nasike akanywea. Nilimwonea huruma kweli, maana muhula ni muhula.

— Mimi naamini, Jaji akasema. Huyo namjua! Si ni yule wa Naitiri, mwenye fahali mweusi?

— Jaji, huyo mtu hayuko!

— Si nimesikia amekufa? Atakuwepo vipi?

Spana akaruka juu.

— Nyinyi hamuoni! Hiyo mashine inatoa wafu wa kesho! Leo inachapa, wiki ijayo mtu anaanguka!

— Basi iulize siku yangu, nijue kama ninunue kahawa ya mwaka mzima, Mama Edinah akasema.

— Na mwaka ujao kuna kura, Jaji akapaza sauti. Marehemu kama huyu anaamka mapema, anapiga kura wa kwanza!

— Nyinyi hamhesabiwi, Nasike akalalamika. Mnajua ni kompyuta. Nataka mtu asiyejua.

— Umesoma mpaka mwisho? nikauliza.

Hakuwa amemaliza. Akasimama, akasoma polepole: "Alipenda kuimba akikama ng'ombe. Ameacha mjane, watoto saba na kiti karibu na mlango."

— Poleni sana.

Tukageuka. Mzee mmoja mgeni alikuwa ameegemeza baiskeli yake, kofia ameivua. Nasike alinibana mkono mpaka ukauma. Amefaulu mtihani wake! Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini macho ya yule mzee yalikuwa yamelowa. Mama Edinah alikuwa tayari anammiminia kahawa.

— Kiti karibu na mlango, mzee akarudia. Mungu amlaze pema. Na wewe binti yangu, marehemu alikuwa nani wako?

Jaji akachungulia kikombe chake. Nasike akaitazama karatasi. Mzee akangoja, kofia mkononi.