Nilikuwa Nasema Naonja Tu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbele niseme neno lolote, muangalie huyu mutoto. Anaitwa Masika. Ameshiba, na analala!

Mimi ni mama wa hapa Bulengera. Nilikuwa napika lotoko, ile pombe kali ya mihogo. Na mwenye kupika lazima aonje, juu ajue kama iko na nguvu. Asubuhi naonja, saa sita naonja, magaribi naonja. Bakiniuliza, najibu: "Mimi hapana kunywa! Naonja tu." Ndugu zangu, nilionja mpaka mikono ikawa inatetemeka kila wakati sijaonja!

Mimba ya kwanza ikatoka. Na ya pili nikaendelea kuonja. Ilikuwa ya miezi mine wakati nilianguka sokoni, na batu bakacheka. Mama Kavira, muuzaji wa maharagi, hakucheka. Akaniinua, akanikalisha juu ya mifuko yake, akasema: "Dada, mimi pia nilikuwa naonja." Basi! Hakunihubiria. Nililia kwa aibu.

Kesho yake akanipeleka kwa munganga. Huyo akanikataza kuacha pombe peke yangu, juu mwili unaweza kushituka vibaya. Bakanitunza pale siku nyingi. Kisha, kila alhamisi, nilienda kwa Mama Kavira. Tulikuwa bamama batano ba mimba, bote ba kuonja, tunachagua maharagi, na kila mumoja anasema ukweli wa juma lake. Mara mbili nilirudia pombe. Mara mbili bale bamama balikuja kunichukua kwangu, na mimi nabatukana!

Masika akazaliwa. Mama mukwe akaleta kasiksi, pombe ya ndizi, juu kwetu muzazi anakunywa ili maziwa ije. Mikono yangu ikaenda yenyewe!

"Onja tu, binti yangu," akasema.

Neno langu mwenyewe! Nikajibu: "Hapana, mama. Mimi hapana kuonja tena." Akatoka na hasira. Mama Kavira na benzake bakaingia na uji wa soya, nikakunywa karibu sufuria nzima. Na maziwa ikaja! Asante Yesu! Pipa langu la lotoko nimelitoboa kwa musumari.

Sasa wewe mama uko na mimba, na unasema unaonja tu: usingoje upone kwanza. Njoo alhamisi kwa Mama Kavira vile uko, umutegemee Bwana, na sisi tutakushika mukono. Usipokuja, mimi na Masika tutabisha mulango wako.