Kidonge ya Mafua Bila Boîte Yake

Ba-ndugu zangu ba parokia, mi najua mukiniona hapa mbele munaanza kucheka, sababu munazoea michezo yangu. Muchekee ndani kwanza, musikilize.

Karanga na mi ni adui. Nikionja sombe, majani ya muhogo, yenye karanga, midomo inavimba kama mandazi mu mafuta. Mama ananipikiaka mu sufuria yangu. Donc kwa chakula tulikuwa tunachunga. Lakini dawa? Nani angewaza!

Likizo ile nilitoka Beni, kule kwenye joto, nikarudia Butembo. Baridi yetu ikanipokea na mafua. Nikaenda pharmacie kununua dawa. Munajua vile tunanunuaka: vidonge viwili, tatu, muuzaji anakata plaquette na makasi, anatia mu sashe ya plastiki, boîte, ile kartoni yenye maandiko, inabakia kwake. Akaniuliza tu:

«Ni ya mutoto ao ya mukubwa?»

«Papa, angalia ndevu!»

Ndevu yenyewe ilikuwa nne. Akacheka, akanikatia vidonge laini vyenye kungaa.

Nikameza kimoja nyumbani, bakaka zangu bako pale. Kisha kidogo ulimi ukajaa mu kinywa. Nikashika shingo, nikapunga mikono.

«Angalieni, ameanza teatri yake!»

Banacheka mpaka machozi. Ndugu zangu, nawaambia, kufa mbele ya batu benye kucheka ni upweke mubaya sana. Sauti hapana. Hewa hapana. Nilibatazama tu.

Mama akatoka mu jikoni, akaona midomo yangu.

«Nyamazeni! Hii hapana muchezo!»

Pikipiki ikatubeba mpaka centre de santé, kituo cha afya. Infirmière, muuguzi wa pale, akauliza: «Amemeza nini?» Mama akamuonyesha sashe. Hakuna jina, hakuna kitu. Infirmière hakungojea, akanichoma sindano mu paja. Hewa ikarudia, pole pole, kama deni ya mutu mubaya.

Kesho yake mama akaenda kule pharmacie kusoma boîte. Kule chini, maandiko madogo kama mayai ya chawa: mafuta ya karanga.

Aksanti mama. Aksanti infirmière. Aksanti, wasingya, kwenu ninyi benye mulituombea. Bakaka zangu, ninyi mutajibu mbele ya Mungu.

Batoto wenzangu, mbele ya kununua, semeni kile mwili wenu unakataa. Muombe boîte, isomwe pale pale. Juzi mafua ilirudia. Pharmacie ya kwanza, boîte hapana. Ya pili, hapana. Nikarudia nyumbani mikono mitupu, pua imefungwa kabisa, nimelala kinywa wazi. Hewa ilikuwa inapita.