Nathanaeli Nampoto na Chura Mweupe wa Mkunya

Tarehe 31 Desemba 1957 Bwana Nathanaeli Nampoto, Baba Mabel, anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Picha za Viumbe, Masasi, kwa miaka ishirini na saba. Kumi na tisa kati ya hiyo amesafiri ndani ya lori langu, mimi Mrisho Bwanali, dereva, ambaye kutoka Ruvuma hadi Lindi hakuna asiyenijua, na kama yupo basi kafika jana. Kamati ilipouliza nani aandike wasifu huu sikuwapotezea muda. Nilichukua karatasi.

Baba Mabel alianza mwaka 1930 akiwa mbeba sanduku. Kamera ya siku hizo ilikuwa na miguu mitatu ya mbao na uzito wa mbuzi mwenye mimba, na badala ya filamu ilitumia vioo. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama, akakumbuka, na baada ya miaka minne alikuwa anapiga picha na kuzisafisha mwenyewe kwa debe moja la maji. Wasioijua Newala, alikopiga nyingi kati ya hizo, waelewe: huko juu debe moja la maji ni safari ya asubuhi nzima.

Ni mtu wa maneno machache. Kwa siku husema kama tisa hivi, yaliyobaki namsaidia mimi. Subira yake haina mfano. Kule Makote alimngoja kinyonga aliyekataa kugeuza uso mpaka kuku wa kijiji wakamzoea, wakataga kwenye kofia yake. Mayai matatu. Niliyala mimi.

Lakini kazi iliyompa jina ni ya Oktoba 1954. Alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba Mkunya, huko Newala, kuna chura anayekaa kiangazi chote juu ya mti, juani, mweupe kama unga wa muhogo. Bwana Mkubwa wa Dar es Salaam akajibu kwamba chura bila maji hufa, chura juani hufa upesi zaidi, na je, Bwana Nampoto alikuwa amekunywa nini siku hiyo? Picha ifike kabla mwezi haujaisha. Isipofika, kazi ya picha ingefungwa na yeye angerudishwa stoo kubandika karatasi kwenye chupa. Mtu wa miaka hamsini na miwili! Baba Mabel aliisoma barua mara mbili, akaikunja mara nne.

"Mrisho, washa gari."

Mlima wa Newala niliupanda kwa gia ya pili, jicho moja nimelifumba ili kulipumzisha. Tulikuwa na vioo vinane tu. Chura tulimkuta kwenye tawi kavu la mkorosho, miguu ameikunja chini ya tumbo, mweupe kweli kweli. Jua lilikuwa kali hata mijusi walikuwa wanatembea kwa kunyata. Baba Mabel akaingia ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, na mimi kwa heshima nikafungua mwamvuli wangu mkubwa, ukamfunika yeye, kamera, na chura pia.

Vioo vitatu. Tukavisafisha kwenye chumba cha misheni tulichokiziba kwa mablanketi. Tawi lilionekana vizuri sana. Chura hayupo. Kesho yake vioo vinne, mwamvuli juu. Tawi tupu.

"Wametoka Masasi kuja kulipiga picha gome la mti!" watu wa Mkunya wakacheka. "Na huku kwetu magome yamejaa, wangeagiza tu!"

Kikabaki kioo kimoja. Baba Mabel akakaa chini mchangani. Sikuwahi kumwona amekaa akiwa kazini.

Hapo akapita mama mmoja wa kijijini, Bi Zena, anatoka kuteka maji bondeni Kitangari, debe kichwani.

"Shikamoo, Baba Mabel."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo mnamfunika wa nini?"

"Jua kali, mama," nikamjibu mimi.

"Kali kwako. Huyo akipata kivuli anageuka rangi ya mti. Hata watoto wadogo wanajua. Mwacheni na jua lake! Na wewe baba, sogeza nyuma hiyo nyumba yako ya kitambaa, nayo ina kivuli."

Hatukuwa tumemwona akigeuka, kwa sababu Baba Mabel alikuwa ndani ya kitambaa na mimi nilikuwa nawaeleza watu mimi ni nani.

Tukafunga mwamvuli. Tukangoja. Chura akawa kama majivu, halafu kama mchanga mkavu, halafu unga. Bi Zena hakutua debe muda wote huo. Baba Mabel akabonyeza mara moja tu.

Sasa maji. Yetu yote yalikuwa yameishia kuosha picha za magome. Bi Zena akatutazama, akatua debe, akamimina nusu kwenye beseni letu. Maji aliyopandisha mlima kwa shingo yake! Ndani ya maji hayo chura akatokea, mpaka vidole unavihesabu, na kina mama waliokuwa nje wakapiga vigelegele kama arusini.

Bwana Mkubwa aliomba radhi kwa maandishi. Baba Mabel akapandishwa cheo, akawa Mpiga Picha Mkuu, na sharti lake lilikuwa moja: chini ya picha iandikwe, "Ameonyesha Bi Zena wa Mkunya." Imeandikwa. Kaangalieni ukutani.

Baba Mabel, kituo kizima kinakushukuru. Nenda kwa Mama Mabel ukale kwa nafasi, magoti yasikuume, mikorosho yako izae, na wajukuu wakusumbue kwa miaka mingi.

Kwa kuwa anaondoka, jambo moja dogo. Barua ile ya radhi ilisifu kwamba picha ina vyura wawili: mmoja mbele, na wa pili nyuma ya majani, mkubwa, wa mviringo, anayeng'aa kuliko mwenzake. Miaka mitatu Dar es Salaam wanamhesabu, na Baba Mabel kwa wema wake hajawasahihisha. Yule wa pili ni upara wangu. Chura alinitazama, nikachuchumaa nyuma ya majani, kofia ikadondoka. Nawaogopa vyura.