Mkono wa Kulia wa Fanuel Mrutu

Fanuel Shem Mrutu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1970 huko Usangi, Upareni, Tanzania, akiwa mtoto wa kwanza wa mwinjilisti Shem Mrutu na Mama Nakijwa. Rasimu ya wasifu huu alisomewa mwenyewe akiwa kitandani, na kila neno "shujaa" lilipotokea alitaka liondolewe. Limeondolewa. Mliofika leo mkitarajia kulisikia, mtuwie radhi. Hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa yake.

Usangi ni nchi ya milima, na kiwanja walichochezea watoto kilikuwa kimeinama. Mpira ukipita, ulibingirika hadi bondeni katikati ya migomba, na sheria ya watoto ilikuwa kwamba aliyeuachia ndiye anayeufuata. Fanuel alikuwa mvivu wa kupanda milima. Alikuwa akisema hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya awe beki: kuuzuia mpira kulikuwa na nafuu kuliko kwenda kuutafuta.

Mwaka 1982 baba yake alipata nafasi ya masomo Selly Oak, hapa Birmingham, na familia nzima ikamfuata. Fanuel alisoma shule ya sekondari ya jirani. Mwaka wa kwanza alikaa kimya kwa sababu ya lugha, na wa pili kwa sababu alikwisha kuzoea. Alimaliza mwaka 1986, akaingia kujifunza ufundi katika karakana ya vyuma Tyseley. Huko alikereza chuma kwa muda wote uliobaki wa maisha yake, na waliofanya kazi naye wanasema hakuwahi kumwachia mwenzake mashine chafu.

Mwaka 1990 alisajiliwa na Cole Valley Rovers, klabu ya ligi za chini, ambako wachezaji hupewa kidogo cha kufutia jasho na Jumatatu hurudi kazini kama watu wote. Alicheza beki wa kati mpaka mwaka 2004. Katika miaka hiyo alifunga mabao manne, moja likiwa langoni kwake. Hakuwa na mbio. Alijua tu kusimama mahali ambapo mpira utafika, na katika viwanja vya matope vya mwezi wa Januari hilo lilitosha.

Mama Nakijwa hakukosa mechi za nyumbani. Alikuja na kanga juu ya koti zito, akakaa nyuma ya lango ambalo mwanawe alikuwa akililinda, na kwa kuwa alilelewa kumheshimu mgeni, hakuuelewa ukali wa mwanawe kwa watu waliosafiri kutoka miji mingine.

"Fanuel! Mpishe apite! Hao ni wageni, wametoka mbali!"

Siku moja mshambuliaji wa timu ya Netherbridge, kijana aliyefunga nywele zake kwa kitambaa cheusi, aligeuka akacheka.

"Msikilize mama, bwana! Mimi ni mgeni!" alisema kwa Kiswahili safi.

Huyo alikuwa Gurmeet Singh, mzaliwa wa Nakuru, aliyehamia Uingereza na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mitatu. Tangu siku ile, kila timu hizo zilipokutana, wawili hao walitaniana kwa Kiswahili dakika tisini, na waamuzi waliwatazama bila kujua kama wanapaswa kuwaonya.

Tarehe 16 Septemba 1995, Fanuel alifunga ndoa na Wangechi, binti wa Nyeri, katika ghala la zamani la Digbeth ambalo ushirika wa Waswahili wa mji huu uliligeuza kanisa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Naelijwa na Elinami. Alikuwa mume mpole. Alipika ugali mgumu kupita kiasi, na Wangechi alikuwa akimwambia, "Huu si ugali, baba Naelijwa, hiki ni chuma cha kule kazini kwenu." Naye aliula wote, akaomba radhi.

Sasa inafaa kusimulia mechi ya Jumamosi, tarehe 3 Mei 2003, kama alivyotaka isimuliwe.

Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Rovers walikuwa nyumbani na Netherbridge. Sare ingewabakiza Rovers katika ligi na kuwashusha Netherbridge. Bao moja la Netherbridge lingegeuza mambo yote. Walikuwa wamefungana bao moja moja na mpira ulikuwa unaelekea kwisha. Kona ikapigwa, kipa wa Rovers akaruka akaukosa, akaanguka juu ya miguu ya watu, na mpira ukamdondokea Gurmeet mbele ya lango. Fanuel alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye mstari. Beki anapohisi mshambuliaji ameotea, huinua mkono kumwomba mshika kibendera. Ukipita viwanja vya Dar es Salaam, vya Lisbon, vya Lagos, utawaona wote wakiuinua vilevile, mara nyingi bila sababu. Fanuel akainua mkono wake wa kulia. Gurmeet akapiga. Mpira ukaugonga ule mkono, ukarudi ndani ya kiwanja, na Fanuel akaubutua nje.

Miezi michache kabla ya kufariki alilieleza jambo hilo kwa namna ambayo familia haitaki kuilainisha. Alisema mkono uliinuka wenyewe kwa mazoea. Lakini mpira alikuwa akiuona unakuja, na mkono aliuacha pale kwa hiari yake.

Mwamuzi alikuwa amezibwa na umati wa wachezaji. Hakupiga filimbi. Gurmeet alimkimbilia, akamshika jezi, akapewa kadi nyekundu, na alipokuwa akitolewa aligeuka akapiga kelele kwa lugha ambayo pale uwanjani walikuwa wakiielewa wawili tu.

"Fanuel! Mwambie! Mwambie wewe!"

Fanuel akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Netherbridge walishuka daraja. Gurmeet alifungiwa kucheza, na kwa umri wake hakupata timu nyingine. Nje ya vyumba vya kubadilishia nguo mtangazaji wa redio alimuuliza Fanuel kama mpira uligonga mkono, naye akajibu, "Nilipiga kwa kichwa." Maneno hayo ndiyo yaliyomjengea jina. Mashabiki wakatunga wimbo juu ya kichwa chake. Katika baa ya klabu ikatundikwa picha yake. Watu wazima, kabla ya mechi, walimgusa paji la uso kutafuta bahati, naye akasimama wamguse.

Uwanjani, hata hivyo, walioelewa Kiswahili hawakuwa wawili. Nyuma ya lango alikuwepo wa tatu, mwenye kanga. Usiku huo, nyumbani Selly Oak, Mama Nakijwa alimtengea mwanawe chakula, akaketi.

"Yule kijana wa kitambaa alikuwa anataka umwambie nani?"

"Ni maneno ya uwanjani tu, mama."

"Haya," alisema mama yake. Hakuuliza tena, na hakwenda tena uwanjani. Alisema magoti yanamsumbua.

Sisi tuliobaki hatukuona kitu. Tuliona mtu anayeinamisha uso kila anaposifiwa, tukasema ni mnyenyekevu. Shemeji yake, Kamau, alikuwa akimtambulisha kwa kila mgeni wa kanisa: "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyeokoa timu nzima kwa kichwa!" Fanuel alikuwa akitafuta kiti cha kupanga. Ibada ilipofika wakati wa sifa na watu wote wakaambiwa wainue mikono, yeye alishika kitabu cha nyimbo kwa mkono wa kulia na hakukiachia, akisema bega linamuuma.

"Shemeji, bega lako bado?" Kamau alimuuliza.

"Bado."

"Umpate daktari, bwana."

"Nitampata."

Mwaka 2005 Gurmeet alipata kazi ya kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, katika karakana ileile ya Tyseley. Wafanyakazi wengi pale walikuwa mashabiki wa Rovers, na haikupita wiki wakamtambua. Wakamwita Mkono, kwa madai yake ya siku ile. Wakati wa chakula mmoja alikuwa akiinua mkono na kulia kama mtoto, na wengine wakicheka mpaka chai ikawapalia. Fanuel alikuwa akikaa meza hiyohiyo. Hakucheka. Hakusema kitu pia.

Siku moja Gurmeet alimfuata kwenye mashine yake.

"Mimi na wewe tulikuwa karibu na huo mpira kuliko watu wote," alisema. "Sitaki uniombe radhi. Hawa wananiita mwongo kila siku. Wewe unasemaje?"

"Hayo ni ya zamani, Gurmeet."

"Kwako."

Hata hivyo Gurmeet hakumnunia. Mama Nakijwa alipougua mwaka 2006, alimpelekea chapati za mke wake, akakaa naye wakazungumza habari za Nakuru. Marehemu alisema kwamba matusi angeyaweza, ila zile chapati zilimshinda.

Mwezi wa Oktoba 2008 Fanuel alianza kukonda, na katika hospitali moja ya Edgbaston iligundulika kwamba alikuwa na saratani ya kongosho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliogopa kwamba kifo kitakuja na kumzika akiwa bado amefichika. Klabu ilipopata habari ilimwandalia mechi ya heshima, Jumamosi, tarehe 28 Februari 2009. Alipewa kipaza sauti katikati ya uwanja. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, "Ule mpira haukugonga kichwa. Ulikuwa mkono."

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na makofi. "Tulijua siku zote, mzee!" mtu alipiga kelele jukwaani. Wakaimba ule wimbo, wakabadilisha kichwa wakaweka mkono. Alishangiliwa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Njiani kurudi nyumbani alilia, na Wangechi akasimamisha gari.

"Si umesema? Si wamekusamehe?"

"Wamenisamehe watu ambao sikuwakosea."

Siku mbili baadaye, Jumatatu, aliomba apelekwe Tyseley wakati wa chakula cha mchana. Kamau ndiye aliyemshika kwapa mpaka ndani. Wenzake walisimama, wakampisha kiti, hakukaa. Akamgeukia Gurmeet, aliyekuwa akila, akaanza kwa Kiswahili.

"Gurmeet, ndugu yangu, siku ile wewe hukusema uongo. Mwongo nilikuwa mimi."

Gurmeet hakuinua macho.

"Kiswahili hapana. Kwa Kiswahili mimi nilikwisha kujua. Sema kwa lugha yao."

Fanuel akasema kwa lugha yao, tena hakusema habari za mpira peke yake. Alisema kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakimcheka mtu aliyesema kweli, na kwamba yeye alikaa nao mezani akila huku akijua. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Yule aliyezoea kuinua mkono na kulia alitazama sahani yake.

Gurmeet alifunika chakula chake.

"Miaka sita, Fanuel," alisema. Kisha akavaa glovu zake akarudi kazini kabla ya saa yake.

Alipofikishwa nyumbani, Fanuel aliomba aketi na mama yake peke yao. Waliyozungumza ni yao. Familia inajua tu kwamba Mama Nakijwa alitoka chumbani akasema, "Basi, nimejibiwa."

Marehemu alilazwa tena wiki ya Pasaka. Alifariki dunia kwa utulivu Jumanne asubuhi, tarehe 14 Aprili 2009, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, mkewe akiwa amemshika mkono. Baba yake, mwinjilisti Shem, alimtangulia mwaka 1999.

Ameacha mama yake, Nakijwa; mjane, Wangechi; watoto wawili, Naelijwa na Elinami; shemeji yake, Kamau; ndugu wengi wa Usangi ambao leo wanapiga kengele ya kanisa saa tuliyokubaliana; na jina ambalo familia imekubali kulibeba lilivyo, bila lile neno aliloliondoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ushirika wa Digbeth, na wafanyakazi wa karakana. Klabu ya Rovers iliomba kuleta jezi ya kufunika jeneza. Tunaishukuru kwa moyo huo, lakini marehemu alikataa.

Alichoomba ni kingine. Aliomba kwamba kati ya watu sita wa kumbeba, wa mbele upande wa kulia awe Gurmeet Singh, ikiwa atakubali, na kwamba asisihiwe. Kamau alikwenda kumwuliza. Gurmeet alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitaona." Mpaka karatasi hizi zinakwenda kuchapwa, hatujui ameona nini. Nafasi hiyo imeachwa. Asipofika, tunaomba mtu yeyote asijitolee kuijaza, hata kwa huruma. Watabeba watano, nao wasilalamike upande ule ukiwaelemea.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Fanuel, uliyekuwa ukimwona siku ile. Na mkono wake wa kulia, uliochoka kufichwa, upumzike kwa amani pamoja naye.